Herufi Zilizorithi Udogo

Barua ya kazi ya binti yangu Herieth ilikuwa na tarehe mbili, ya kuanza na ya kuthibitishwa, na kati yake miezi sita. Ya kuanza niliisoma mara moja. Ya kuthibitishwa, tarehe thelathini Juni mwaka 2006, niliisoma karibu kila wiki. Naitoa barua ndani ya kitabu cha sala, naisoma, nairudisha. Niliishia darasa la saba, lakini najua jinsi mtu anavyoweza kuachwa mlangoni huku wenzake wakiingia.

Baba wa watoto wangu aliachwa hivyo. Alipima mahindi ya wakulima katika ghala la shirika la umma kwa miaka kumi na minane. Shirika lilipouzwa kwa mtu binafsi, wafanyakazi waliambiwa kila mmoja aandike barua ya kuomba kazi, kazi ileile aliyokuwa akiifanya. Aliandika kwa mwandiko mzuri sana. Hakujibiwa. Kila jioni aliuliza kama kuna mtu amekuja kumtafuta, na mwaka wa nne kifua kikamchukua. Kwa hiyo watu wakisifia soko huria mbele yangu, mimi huchambua maharage yangu nikanyamaza.

Herieth ni wa nne kuzaliwa. Ndugu zake walirithi kelele za upande wangu, yeye alitoka mtulivu, na ubishi wake ulikuwa mikononi. Akisuka ukili akakosea mstari, anafumua wote. Nilimchapa kwa hilo, maana ukili wa kufumuafumua hauuziki, lakini hakuacha. Alimaliza kidato cha nne, akajifunza kompyuta kwa masista, kisha akapata kazi ya kuchapa barua za watu katika duka la stesheneri karibu na stendi. Chakula chake cha mchana alikipeleka intaneti kafe. Nasema hivyo kwa sababu alikuwa hali, alilipia saa. Huko alifungua kurasa za makampuni ya mbali na kusoma maandishi yaliyofichwa nyuma yake, yale yanayoiambia kompyuta kichwa kikae wapi, rangi iwe ipi, herufi ziwe na ukubwa gani. Akajifunza kutengeneza kurasa bila mwalimu.

Ndipo akaajiriwa na Umoja wa wakulima wa maharage na ulezi. Umoja huo ulikuwa na wafadhili, na wafadhili walitaka ukurasa kwenye mtandao, ili mnunuzi aliyeko Dar es Salaam au Lubumbashi aone mazao ya Ufipa bila kupitia kwa walanguzi. Mkurugenzi alikuwa Mzee Kasmir, mtu wa sweta la kijivu na maneno machache. Alimwambia binti yangu siku ya kwanza, na Herieth akaniletea maneno hayo kama yalivyo: "Mkutano mkuu ni Juni. Ukurasa ukisomeka mbele ya wajumbe, nakuthibitisha. Usiposomeka, watu wa kuweka hapo ninao."

Watu hao walikuwa mtu mmoja tu, Meshack. Kijana wa umri wa Herieth, nywele zimewekwa dawa, salamu yake "mambo" hata kwa mtu mwenye wajukuu. Ofisini aliitwa mpwa wa Mkurugenzi. Yeye ndiye aliyeanza ukurasa kabla ya Herieth, akaushindwa, akabaki hapohapo akichapa hati na kuzungusha kiti.

Sasa niseme jambo nililoliona mwenyewe. Jumapili moja walitoka misa mbele yangu, Mzee Kasmir na Meshack, na wote wawili walikuwa wakitupa mguu wa kushoto nje kidogo, kama mtu anayekwepa dimbwi. Mpwa anaweza kufanana na mjomba uso. Kutembea namna ile ni kwa baba. Mke wa Mzee Kasmir, Mama Bertilla, kiongozi wa kwaya, alikuwa nyuma yao akitazama chini. Niliona nikanyamaza. Mji mzima ulikuwa umeona ukanyamaza.

Mwezi wa tano nilikwenda ofisini na chakula, ugali wa ulezi na samaki wa mgebuka, kwa sababu nilijua Herieth hali. Nilimkuta ameinamia kompyuta, shingo imemkauka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kula kwanza."

"Nisomee hapa, halafu nile."

Nikasogea. Juu kabisa palikuwa na picha ya Mzee Kasmir na jina la Umoja kwa herufi kubwa, nikasoma vizuri. Chini yake "Mazao Yetu", nikasoma. Ndani ya mazao, "Maharage", nikasoma kwa kukunja uso. Ndani ya maharage kulikuwa na aina za maharage, na ndani ya kila aina, vijiji vinavyoilima. Hapo niliacha kusoma.

"Mwanangu, hapa mmemwaga ulezi."

Meshack akacheka kwenye kiti chake. "Mama Zenon, tafuta miwani."

Zenon ndiye mwanangu wa kwanza. "Njoo wewe mwenye macho ya bure," nikamwambia. "Hiki kijiji cha mwisho ni kipi?"

Akaja, akasogeza pua mpaka ikakaribia kugusa kioo. "Cha... Chala."

"Kaengesa," Herieth akasema bila kugeuka.

"Si vyote ni vijiji tu," Meshack akasema, akarudi kuzungusha kiti.

Herieth alikuwa amehangaika na udogo huo wiki tatu. Kwanza alidhani ni kioo cha kompyuta. Akajaribu kompyuta ya pili, zikawa vilevile. Akaamua kuyapa majina ya ndani kabisa ukubwa zaidi, ili aufidie udogo wake. Majina ya vijiji yakasomeka kwenye maharage, lakini kwenye ulezi, ambako orodha haikugawanyika kwa aina, majina yaleyale yakavimba kama tangazo la dansi. Akipunguza huku, kule kunanyauka. Akiongeza kule, huku kunafura. Nilimwangalia akijaribu nikakumbuka ukili, ila huu aliufumua usiishe.

Jioni ile nyumbani alikaa jikoni akitazama moto.

"Nieleze," nikamwambia.

"Mama, mambo yenyewe ni ya Kiingereza."

"Ng'ombe ni wa Wasukuma, na mimi nikimwona anaumwa najua. Yageuze."

Akafikiri. Alipoanza kusema alisema polepole, kama anayevuka maji. "Ukurasa ni kama ukoo. Sehemu inayobeba sehemu nyingine inaitwa mzazi. Iliyo ndani yake ni mtoto. Mtoto asipopewa amri yake mwenyewe, anarithi kwa mzazi. Rangi anarithi, aina ya herufi anarithi, na ukubwa pia."

"Vizuri basi. Mtoto arithi."

"Ila hawa wamepewa amri. Meshack alinakili faili la amri kutoka kwenye ukurasa wa kampuni fulani. Imeandikwa kwamba kila kilichomo kwenye orodha kiwe asilimia themanini."

"Themanini ndiyo nini?"

"Nane katika kumi."

"Nane katika kumi za nini?"

Niliuliza kwa ujinga tu, kama ninavyomuuliza muuza vitenge nane ni za mita au za pima. Lakini yeye alivuta ungo wangu wa maharage, akahesabu punje kumi akaziweka chini. Pembeni akaweka nane. Halafu, baada ya hizo nane, hakuweka nane tena. Aliweka sita, na punje ya saba akaing'ata akaweka kipande. Kisha akaweka tano.

"Mimi nilidhani ni nane za ukurasa mzima," akasema. "Siyo. Ni nane katika kumi za mzazi wake. Na mzazi naye amekwisha kukatwa na mzazi wake."

Hilo halikuhitaji nisome. Baba mkwe wangu alikuwa na mteremko mzima upande wa Kaengesa, matuta ya duara yasiyohesabika. Akawagawia wanawe, kila mmoja akaita kipande chake shamba. Baba Zenon naye akagawa. Zenon leo analima mahali ambapo akigeuza jembe linagonga mpaka wa jirani, na bado anasema amerithi shamba. Nikamwambia Herieth hivyo. Akacheka kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Kesho yake alifuta ile themanini kwa watoto wote. Ukubwa akauandika mara moja tu, kwa babu yao wa juu kabisa, na wengine wote akawaacha warithi kama ulivyo bila kukatwa. Ukurasa ukanyooka. Likabaki jedwali la bei, herufi zake kubwa zimesimama peke yake kama hazijui kuna amri. Jedwali lilikuwa na tabia ya kutorithi ukubwa kwa yeyote katika ile programu ya kufungulia kurasa iliyokuwapo ofisini, mpaka uandike waziwazi kwamba nalo lichukue kwa mzazi wake. Akaandika. Likatii.

Niliitwa nikasoma mpaka kijiji cha mwisho bila kukunja uso. Meshack alisema, "Poa sana, mshikaji." Herieth akakaa, akala ugali wote.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Alikuwa akiandaa hotuba ya mkutano, imejaa maneno ya kitaalamu, na mimi nikamkatiza. "Wazee wa Muze na Chala wataona unaringa. Waambie kama ulivyoniambia mimi. Mzazi, mtoto, kurithi. Wataelewa."

Mimi, ninayejivunia kuona kila kitu, sikuliona hilo.

Mkutano ulifanyika katikati ya Juni, katika ukumbi wa kukodi, baridi imeshika na wajumbe wamejifunga mablanketi. Nilikuwa miongoni mwa akina mama waliopika, nikaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi. Ukurasa ulimulikwa ukutani kwa projekta, mkubwa kama nyumba. Juu kabisa palikuwa na ile picha ya Mzee Kasmir. Yeye mwenyewe alikaa safu ya mbele, Mama Bertilla ubavuni mwake. Meshack alikaa chini, kwenye meza ya kompyuta, akibonyeza.

Herieth alisema vizuri. Wajumbe walisoma majina ya vijiji vyao kwa sauti na kupiga makofi. Kisha akasimama Mayunga, mfugaji na mkulima kutoka Muze, mtu ambaye mdomo wake hauna kizuizi.

"Binti, hongera. Lakini mimi nilipita ofisini kwenu mwezi wa nne, nikaonyeshwa hiki kitu, maandishi yalikuwa kama chawa. Ilikuwaje?"

Herieth alifurahi. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Swali zuri, mzee wangu. Kosa halikuwa la mtoto. Mtoto alikuwa anaharibiwa na mzazi wake."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Mwingine akacheka puani.

"Mzazi yupi?" Mayunga akauliza. Nadhani mwanzoni aliuliza kwa nia njema.

"Yule wa juu." Herieth akanyoosha fimbo kuelekea juu ya ukurasa, na ncha ikatua penye picha ya Mzee Kasmir.

Ukumbi ukaanza kutikisika. Niliinua mwiko nimpungie aache, lakini alikuwa akitazama ukuta.

"Na mtoto yuko wapi?" akapaza sauti Eustaki, mjumbe wa Chala, akiwa amekwisha kufuta machozi ya kicheko.

"Mtoto yuko huku chini," akasema, na fimbo ikashuka mpaka kwenye jedwali la bei, moja kwa moja juu ya kichwa cha Meshack. "Huyu ndiye aliyenisumbua zaidi. Alikuwa ndani ya nyumba ileile, ila harithi chochote kwa mzazi, kama vile hatambuliwi. Ikabidi niandike wazi kwamba huyu ni mtoto wake."

Watu wazima walilala juu ya mabega ya wenzao. Mayunga alipiga kelele, "Andika, binti, andika! Sisi tulishindwa miaka ishirini!" Mama Bertilla alijifunga kitenge vizuri, akasimama, akapita mbele yangu mlangoni. Hakunitazama. Meshack alikuwa ameinamia vidole vyake. Mzee Kasmir alikaa wima, mikono juu ya magoti, mpaka kicheko kilipochoka chenyewe.

Herieth alikuja kwangu na uso unaong'aa. "Mama, wamefurahi mpaka basi!"

Nyumbani nilimwambia walichokuwa wakicheka. Alikaa chini sakafuni. Habari ya Mzee Kasmir na Meshack hakuwa akiijua. Ndiyo, ni mtoto wangu, amekulia mji huu, na hakuijua, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye kioo. "Wewe uliijua?" akauliza. Nikasema niliijua. "Na ukaniambia niseme kurithi." Nikasema ndiyo. Akaingia chumbani.

Siku kumi na mbili hakuna aliyemwambia neno ofisini. Tarehe ishirini na tisa nikaona siwezi kusubiri kama baba yao alivyosubiri. Nikavaa viatu vya kanisani, nikaenda kwa Mkurugenzi mwenyewe, Herieth akiwa ametumwa benki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Zenon. Kaa."

Mezani kwake kulikuwa na karatasi mbili zenye mhuri, maandishi yake kwangu yakiwa yamepinduka. Nimezoea kusoma vitabu vya wauza duka nikiwa upande wa pili, kwa hiyo nilizisoma. Moja ilikuwa na neno "kuthibitishwa". Nyingine ilikuwa na neno "kusitishwa". Hakuna iliyosainiwa. Kalamu ilikuwa wazi mkononi mwake.

"Nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya mtoto," nikasema. "Yale yalikuwa maneno ya kompyuta tu."

"Hivyo ndivyo ninavyoambiwa. Meshack mwenyewe amekuja kumwombea. Anasema ni kweli, vitabu vyao vimeandika hivyo, mzazi na mtoto." Alishusha pumzi. "Mimi si mtu wa kumwonea binti wa watu, Mama Zenon. Amefanya kazi. Kilichoniuma ni kwamba labda kuna mtu alimtuma."

Akavuta ile karatasi ya kuthibitishwa karibu. Niliona mkono wake ukishuka. Ningenyamaza. Miaka yote nimenyamaza, nikaona na kunyamaza, na siku ile moja ambayo kunyamaza kungenifaa, hofu ikanifungua mdomo.

"Hajatumwa, mzee, naapa. Habari zenu za Meshack yeye hakuzijua kabisa. Mimi ndiye ninayezijua."

Kalamu ikasimama.

"Habari gani?" akasema.

Ningesema nini, mguu wa kushoto?

"Habari gani za Meshack, Mama Zenon?"

"Hakuna, mzee."

"Umesema unazijua."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni, nikawa nasikia shoka tu. Mzee Kasmir aliirudisha karatasi ile mahali pake, akaivuta nyingine, akasaini taratibu, herufi zote za jina lake. Kisha akaikunja na kunipa mimi, kama vile mimi ndiye niliyeajiriwa.

Nilipomkabidhi Herieth, aliuliza mzee alisemaje. Nikasema hakuniruhusu kuingia, barua nilipewa mlangoni. Akaamini. Alirudi kwenye duka la stesheneri kuchapa barua za watu, nyingi zikiwa za kuomba kazi. Meshack akapewa nafasi yake. Chini ya ukurasa wa Umoja, hadi leo, mahali panapoandikwa jina la mtengenezaji, limeandikwa lake, kwa ukubwa unaosomeka vizuri.

Mwezi wa tisa, Jumamosi, Meshack alikuja nyumbani. Nilikuwa uani napepeta ulezi, Herieth akifua.

"Mambo, dada Herieth. Shikamoo mama." Alikuwa amejifunza. "Nimeongeza orodha ya karanga. Zimenyauka tena."

"Umenakili ile themanini," Herieth akasema bila kuinua kichwa.

"Labda."

"Ifute kwa watoto. Ukubwa ubaki kwa babu. Usimkate mtu mara mbili."

Akaandika kwenye kiganja. Nilitaka kumfukuza kwa ungo. Binti yangu alikuwa akimpa bure kilichomgharimu miezi sita. Lakini Meshack hakuondoka, alisimama akisugua kiatu kwenye vumbi.

"Dada, mimi sikuitaka kazi hii, kwa kweli. Nilimwambia mzee ulikuwa unasema ya kompyuta, akanielewa. Asubuhi ya tarehe ishirini na tisa aliniagiza nichape barua zote mbili, ila aliniambia atasaini ya kukuthibitisha. Kalamu ilikuwa mkononi. Mama yako akaingia, akakaa, wakaongea, na alipotoka nikaona imesainiwa ile nyingine. Mpaka leo sijui waliongea nini."

Alipokwenda, Herieth alikamua shati alilokuwa nalo, akalikamua tena ingawa halikuwa na maji.

"Mama," akasema, "ulikaa?"

Niliinua ungo nikaupepeta, na makapi yakanirudia usoni.

"Ulikaa, mkaongea?"

"Nilikaa," nikasema.

Akaanika lile shati, akachukua ndoo, akaenda kumwaga maji mbali kuliko tunapomwaga siku zote.